Mpokea ndama na kijidudu kilichojificha ndani ya walinzi

Ni asubuhi. Gari la maziwa limeshaondoka na banda la ng'ombe limetulia, isipokuwa kona moja. Hapo mtamba mwekundu amelala ubavu, anahema, macho yamemtoka. Nyuma yake amepiga goti mwanamke mfupi mwenye mabega mapana. Amevaa buti za mpira, aproni ya plastiki, glavu ndefu zinazofika kwapani, na miwani ya kukinga macho ambayo kila baada ya muda inapata ukungu.

"Taratibu, binti," anamwambia mtamba. "Miguu ya mbele imekaa sawa. Hatugombanii kitu hapa."

Mtamba akisukuma, mwanamke anavuta. Mtamba akipumzika, naye anapumzika. Zinatoka kwato mbili, inafuata pua na ulimi uliolala upande, kisha ndama mzima anateleza hadi kwenye majani makavu, ametota, anatoa mvuke. Mwanamke anamfuta pua na kumsugua kifua mpaka anapiga chafya. Wakamuaji wawili waliosimama kando, kama walivyoagizwa, wanatazamana na kucheka kwa furaha.

Shamba zima linamwita Shangazi. Wakamuaji ndio waliompa jina hilo, kwa sababu hana simile na mtu anayempiga ng'ombe, na kwa sababu, wanasema, anakaripia kama shangazi wa kweli: mbele za watu, lakini kwa faida yako.

Kondo la nyuma linapotoka, hataki mtu alisogelee. Analizoa kwa koleo, analitumbukiza kwenye shimo, analimwagia chokaa na kulifukia. Ndipo anavua glavu na kunawa mpaka viwikoni.

"Zamani ningelivuta hivi hivi," anasema, akinyoosha viganja vyake vilivyojaa sugu. "Glavu niliona ni mambo ya madaktari. Mkono mtupu unasikia vizuri zaidi, ndivyo nilivyokuwa nawaambia hawa. Mkono mtupu ndio ulionipeleka kitandani."

Ana miaka hamsini na kitu. Zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameimalizia kwenye banda hili, kwanza kama mfagiaji, baadaye mkamuaji, na hatimaye mtu anayeitwa kila ng'ombe anapopata uchungu. Hakusomea. Alianza kwa kumshikia taa daktari wa mifugo, na siku moja daktari alipochelewa, ndama akakataa kumsubiri. Shangazi akaingiza mkono. Tangu hapo, mwenye shamba hamwiti daktari isipokuwa mambo yamekuwa magumu.

Kazi yake ni kibarua cha kutwa. Ukifika unalipwa, usipofika hulipwi, na hakuna anayekuuliza kulikoni. Ndiyo maana homa ilipomwanza, aliificha.

Ilianza baada ya msimu mbaya. Kidosho, ng'ombe mweupe aliyekuwa akitoa maziwa kuliko wenzake wote, alitupa mimba ikiwa imebaki miezi miwili tu. Ndama alitoka amekufa, na kondo likagoma. Shangazi alilivuta kipande kwa kipande, mikono mitupu, kidole gumba kikiwa na ufa ulioletwa na baridi na sabuni ya ndoo. Anakumbuka kwamba kondo lilikuwa limevimba na kubadilika rangi, na kwamba lilinuka vibaya kuliko kawaida. Alijiambia ni mimba iliyokaa vibaya. Kabla ya msimu kwisha, ng'ombe wengine wawili wakafanya vivyo hivyo, na wote aliwahudumia yeye.

Wiki chache baadaye alianza kuamka shuka limelowa jasho. Mchana anajisikia mzima, jioni mwili unachemka. Kiuno kikawa kinauma kiasi kwamba kuchutama chini ya ng'ombe kulikuwa adhabu. Akienda zahanati anapewa dawa za malaria. Anameza, homa inashuka, anarudi kazini akiwa na matumaini. Haipiti muda, inarudi. Safari nyingine akapewa dawa za homa ya matumbo. Nayo ikashuka, nayo ikarudi.

"Ilikuwa kama mpangaji msumbufu," anasema mumewe, fundi viatu anayefanyia kazi barazani kwao. "Leo kafunga virago, unashusha pumzi. Kesho unamkuta sebuleni."

Mumewe alikuwa akimpaka mafuta ya kuchua kiunoni kila jioni na kumtania kwamba amezeeka ghafla. Utani ulimwishia siku aliyomkuta mkewe amekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, analia, kwa sababu hakuwa na nguvu za kuvaa cha pili. Kazini nako maneno yalishaanza. Mkamuaji mmoja alisema, si kwa kunong'ona, kwamba Shangazi siku hizi anachagua kazi.  Shangazi anasema aliogopa kwamba huenda ni kweli, kwamba uvivu nao ni ugonjwa unaoweza kumpata mtu uzeeni.

Katikati ya hayo, binti yao wa pekee alirudi nyumbani. Alikuwa na mimba ya kwanza, mumewe yuko kazini mbali, na mama mkwe wake alikuwa anaumwa. Akaja kusubiria kwa mama yake, kama mabinti wengi wafanyavyo.

Shangazi alifurahi kiasi cha kusahau kiuno. Kila siku aliyoweza kwenda kazini alirudi na kopo la maziwa, yakiwa bado na uvuguvugu wa ng'ombe. Yeye mwenyewe alikuwa ameyanywa hivyo maisha yake yote, mabichi, povu juu. Kuyachemsha, aliamini, ni kuyaua. Alimkabidhi binti yake kopo na kumwambia anywe yote, mtoto apate mifupa. Binti alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda nalo jikoni.

Homa ilipomwangusha Shangazi akashindwa kusimama, mumewe alifunga kazi na kumpeleka hospitali kubwa. Huko walipokelewa na daktari kijana aliyesikiliza hadithi nzima ya homa inayokuja na kuondoka, kisha akauliza jambo ambalo zahanati hawakuwahi kuuliza.

"Mama, unafanya kazi gani?"

Alipojibiwa, aliweka kalamu chini. Akauliza kama kuna ng'ombe waliotupa mimba. Akauliza kuhusu mikono, kuhusu maziwa. Alipomaliza, aliagiza damu ichukuliwe kwa wingi zaidi ya kawaida, sehemu ipimwe pale pale na sehemu ipelekwe kwenye maabara ya utafiti iliyo jirani na hospitali, ikaoteshwe kuona kama kuna kijidudu ndani yake.

Kipimo cha kwanza kilitoa jibu siku hiyo hiyo, na maabara ikalithibitisha baadaye: brusela, ugonjwa uleule unaowafanya ng'ombe watupe mimba.

Shangazi alipolisikia hilo, hakuogopa. Anasema alihisi kama mtu aliyetua ndoo kichwani. "Nilijua sasa siyo uvivu," anasema. "Kina jina. Kitu chenye jina unaweza kugombana nacho."

Kilichomtia hofu kilikuja aliporudi kusikiliza maelekezo ya matibabu. Daktari alimkutanisha na mtaalamu wa maabara aliyeotesha kijidudu chake, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, ambaye kwa miaka mingi anachunguza bakteria wanaoishi ndani ya seli za mwili na jinsi wanavyopata chakula humo. Alitaka kumweleza Shangazi kwa nini atameza dawa mbili kwa pamoja, kwa muda wa wiki sita, hata baada ya kupona.

Alimweleza kwamba damu ina seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na kuviyeyusha. Bakteria wengi wakimezwa, habari yao imekwisha. Huyu wa brusela hafi kirahisi. Akishamezwa anakaa kwenye kifuko kidogo ndani ya seli, anavumilia ukali wa tindikali, anapunguza matumizi yake kama mtu aliyeingia msimu wa njaa. Kisha anajisogeza polepole mpaka sehemu ambako seli inatengenezea vitu vyake. Hapo anapata sukari na vijenzi vya protini ambavyo seli ilijiwekea, anavivunja apate nguvu, anajengea mwili wake kwavyo, na kuanza kuzaliana. Homa inapanda. Ikishuka, si kwamba ameondoka. Yuko chumba cha ndani.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo walinzi wangu wenyewe ndio wanaomlisha?"

"Wanamlisha bila kujua," mtaalamu alimjibu. "Ndiyo maana dawa moja haitoshi, na ndiyo maana ukiacha mapema anarudi. Lazima dawa imfikie ndani, na ikae huko mpaka wa mwisho aishe."

Akaendelea kumweleza kuhusu ng'ombe. Ndani ya kondo la ng'ombe mwenye mimba kuna aina ya sukari ambayo bakteria huyu anaipenda kuliko chakula kingine. Mimba inavyokomaa, sukari hiyo inaongezeka, na yeye anazaliana humo bila kipimo, mpaka kondo linaoza na ndama anakosa pa kushikilia. Kondo moja la ng'ombe aliyetupa mimba linaweza kubeba vijidudu vya kuambukiza shamba zima. Na baadhi ya vijidudu hivyo huhamia kwenye kiwele na kutoka na maziwa.

Hapo Shangazi aliacha kusikia. Maziwa. Aliliona lile kopo, na mikono miwili ya binti yake ikilipokea.

"Na mtu mwenye mimba?" aliuliza.

Mtaalamu hakumficha. Alisema sukari ile kwa binadamu haipo kwa wingi kama kwa ng'ombe, lakini hiyo si kinga. Wanawake wanaougua brusela wakiwa na mimba wapo wanaoipoteza. Alimwomba amlete binti apimwe, bila kuchelewa.

 Njia nzima ya kurudi nyumbani, mumewe anasema, Shangazi alikuwa ameshika pochi yake kifuani kwa mikono yote miwili. Walipofika, walimkuta binti anafua, tumbo mbele, anaimba. Shangazi alikaa kwenye kigoda, akamwita, na kumweleza kila kitu bila kujitetea. Kwamba mama yako ana ugonjwa wa ng'ombe. Kwamba ugonjwa huo unapita kwenye maziwa mabichi. Kwamba maziwa hayo ndiyo niliyokuwa nakuletea, na nikakusisitizia unywe yote.

Binti alifuta povu mikononi. Uso wake, anasema baba yake, ulikuwa na aibu badala ya hofu.

"Mama," alisema, "mimi nilikuwa nayachemsha."

Shangazi hakuelewa. Binti akarudia. Tangu mimba ilipoingia, harufu ya maziwa mabichi ilikuwa inamtia kichefuchefu. Alijaribu siku ya kwanza, hata kuyasogeza puani kukamshinda. Lakini hakuwa na ujasiri wa kumwambia mama yake, anayejulikana mtaa mzima kwa msimamo wake kuhusu maziwa. Basi akipokea kopo, anafunga mlango wa jikoni, anayachemsha mpaka yanafura mara kadhaa, anatia majani ya chai na sukari ya kutosha, ndipo anakunywa. Sufuria anaisugua haraka kabla mama hajaiona.

Shangazi alimtazama. Kisha akamtazama mumewe, ambaye ghafla alikuwa na haja kubwa ya kukagua kisigino cha kiatu.

"Wewe ulijua?"

Fundi viatu alikiri kwamba na yeye alikuwa anakunywa chai hiyo.

"Nimeolewa miaka thelathini," Shangazi anasimulia sasa, akifuta machozi ya kicheko. "Nilikuwa najiona jemadari wa nyumba ile. Kumbe askari wangu wote walishaasi, na uasi wao ndio uliotuokoa. Siku ile nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Mpaka jirani akachungulia kuona nani amefariki."

Hata hivyo walikwenda hospitali, kwa sababu kucheka si kipimo. Binti alichukuliwa damu. Siku za kusubiri jibu zilikuwa ndefu; Shangazi anasema alikuwa akimwamsha binti yake usingizini kumgusa paji la uso, mpaka binti akatishia kwenda kulala kwa jirani. Jibu lilipotoka, halikuonyesha kitu. Alipimwa tena baadaye, na bado hakukuwa na kitu. Baba mtu, aliyepimwa naye, alikuwa salama.

Mtaalamu wa maabara ndiye aliyewapigia simu. Shangazi alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, kwenye vumbi la uani, na gauni lake safi.  Mumewe alipochukua simu kuuliza kama kuna mtu upande wa pili, alimkuta mtaalamu bado anasubiri, bila haraka.

Matibabu hayakuwa mepesi. Dawa moja iligeuza mkojo wake kuwa wa rangi ya chungwa, na kwa kuwa alisahau kwamba alionywa, mara ya kwanza alitoka chooni mbio akimwita mumewe aje waagane. Tumbo lilichafuka. Lakini homa ilianza kulegea mapema kuliko alivyotegemea, na hapo ndipo, anasema, palipokuwa na mtego. Nusu ya dozi alishajisikia mzima. Alikuwa analala bila kulowa. Aliweza kuinama. Kila mtu mwenye akili timamu, anasema, angesema yatosha.

"Ila nilikuwa namfikiria yule wa chumba cha ndani," anasema. "Amebana matumizi, anasubiri niache ili aanze kula. Nikasema, hapana, ndugu yangu. Leo tunabanana hapa hapa mpaka mmoja wetu ashindwe."

Alimaliza dozi. Damu yake ikaoteshwa tena, na safari hii hakuna kilichoota.

Kwa upande wa shamba, mwenye shamba hakuupokea ujumbe kwa furaha. Daktari wa mifugo alipoleta matokeo ya ng'ombe wote, kadhaa walikuwa na brusela, na hakuna dawa ya kuaminika kwa ng'ombe. Walioambukizwa lazima waondolewe. Mwenye shamba, mjane asiye na maneno mengi, alizunguka banda lake peke yake kwa muda mrefu. Akarudi, akasema waondolewe. Akamwambia Shangazi kwamba yeye mwenyewe alitakiwa kumwita daktari tangu mimba ya kwanza ilipotoka, na kwamba kosa hilo ni lake mwenye shamba, halimhusu kibarua. Akampa pia malipo ya siku alizolala kitandani, jambo ambalo halijawahi kutokea pale.

Kidosho alikuwa miongoni mwa walioondolewa. Shangazi ndiye aliyemfunga kamba. Hapendi kulizungumzia sana. Anasema tu kwamba Kidosho alikwenda bila kuvutwa, kwa sababu aliyeshika kamba alimzoea.

Leo ndama jike wote wanachanjwa wakiwa wadogo. Ng'ombe anayenunuliwa anapimwa kabla ya kuchanganywa na wengine. Glavu zinaning'inia mlangoni, na mkamuaji anayezipita bila kuvaa anasikia sauti ya Shangazi kutoka upande wa pili wa banda. Yule mkamuaji aliyesema anachagua kazi ndiye sasa anayechimba mashimo ya chokaa. Alikwenda kwa Shangazi kuomba radhi, na yeye akamwambia apunguze maneno na aongeze kina cha shimo.

Mtaalamu wa maabara bado anacho kijidudu kile kilichotoka kwenye damu ya Shangazi, kwa ridhaa yake, kimefungiwa kwenye jokofu lenye baridi kali. Yeye na wenzake wanatafuta ni chakula gani hasa kinachompa nguvu akiwa ndani ya seli, na kama siku moja kutakuwa na dawa itakayomfungia chakula hicho akafa kwa njaa ndani ya wiki chache tu badala ya wiki nyingi. Hakuna ahadi, anasema. Kinachoota vizuri kwenye sahani ya maabara mara nyingi kinaishi tofauti kabisa ndani ya mwili, na hapo ndipo kazi ilipo. Shangazi humpitia mara moja moja akienda mjini kununua chokaa. Humwuliza kama mpangaji wao ameshaanza kukonda.

Binti alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Mkunga wa hospitali alimzuia Shangazi mlangoni, akimwambia kwamba humu ndani kazi ina wenyewe. Alikubali, kwa shida. Anasema alisimama nje akiwa hana la kufanya, mikono yake ikivuta hewa kila aliposikia binti yake anasukuma, mpaka mumewe akaishika.

Mtamba mwekundu sasa amesimama. Ndama wake naye anajaribu, miguu ya nyuma kwanza, anaanguka, anajaribu tena. Shangazi anavua aproni na kuitundika juani.

Ana mpango, na ameshamwambia mwenye shamba. Chuo cha mifugo kinafungua mafunzo mafupi ya uhimilishaji, kazi ya kuwapandikizia ng'ombe mbegu bora badala ya kuazima dume la jirani na magonjwa yake. Umri wake uliwashangaza waliopokea maombi, lakini hawakumkatalia. Ataanza msimu huu, siku mbili kila wiki, na siku nyingine atakuwa bandani. Akihitimu, anataka kuzunguka kwa wafugaji wadogo wa maeneo ya jirani, awapandikizie ng'ombe wao, na akiwa huko awaambie kuhusu glavu na sufuria, kwa sababu mtu anayekuletea ndama, anasema, huwezi kumfukuza hata akikukaripia.

Ndama anafanikiwa kusimama. Anayumba mpaka kwa mama yake, anatafuta chuchu mahali pasipo na chuchu, na Shangazi anamsogeza taratibu kwa goti.

"Miaka yote hii nimekuwa napokea wageni mlangoni," anasema. "Sasa nataka niwe mimi ninayewaalika."